Mkono Ndani, Macho Nje: Kwa Nini Uzazi wa Farasi ni Somo Gumu Kufundisha

Mwanafunzi wa tiba ya mifugo anapofika kwenye somo la uzazi wa farasi, kichwani mwake tayari yumo ng'ombe. Amemsoma, amempima mimba, anajua joto lake, yaani kipindi cha kumtaka dume, linachukua saa ngapi na yai linatoka lini. Kisha analetewa farasi jike, na karibu kila alichokuwa na uhakika nacho kinamgeuka.

Joto la ng'ombe hudumu takriban saa 12 hadi 18, na yai hutoka baada ya joto kwisha. Joto la farasi hudumu siku 5 hadi 7, na yai hutoka joto likiwa bado linaendelea, saa 24 hadi 48 kabla halijaisha. Pembe za mji wa mimba wa ng'ombe zimejikunja. Za farasi zimenyooka kushoto na kulia, zikifanya umbo la herufi T. Shingo ya kizazi ya ng'ombe ni ngumu, na daktari huishika akaivuta ili aufikie mji wote. Ya farasi haivutiki hivyo, na wakati wa joto hulegea mpaka mkono mgeni unaipita bila kuitambua. Kile kinundu cha manjano kinachobaki baada ya yai kutoka, ambacho kazi yake ni kutengeneza projesteroni, homoni inayotunza mimba, kwa ng'ombe hujitokeza juu ya ovari na vidole hukisikia. Kwa farasi kimejificha ndani, na anayepapasa kukitafuta hupoteza muda wake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kumfanya mwanafunzi asimwamini sana ng'ombe wake. Kazi ya pili ni ngumu zaidi: sehemu kubwa ya ujuzi huu hutumika ndani ya mwili, mahali ambapo mwalimu hawezi kuona mwanafunzi anagusa nini. Nadhani hapo ndipo lilipo fundo lenyewe, na ndipo tutakapokaa zaidi.

Kinachoshangaza ni kwamba zamani mambo yalikuwa kinyume. Chuo cha kwanza cha tiba ya mifugo duniani kilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, na Claude Bourgelat, mtu aliyekuwa akiongoza chuo cha kufundisha upandaji farasi. Cha London kikafuata mwaka 1791. Kwa zaidi ya karne moja, kusomea tiba ya mifugo kulikuwa kwanza kusomea farasi, maana ndiye aliyevuta mizigo, mizinga na abiria. Injini ilipomnyang'anya kazi hizo, ng'ombe na mbwa wakapanda kwenye ratiba na farasi akashuka. Leo, katika vyuo vingi, uzazi wa farasi umebaki na vipindi vichache, na wanafunzi wengi hawajawahi kumgusa farasi kabla ya kuingia chuoni. Somo linalazimika kuanzia mbali: usimame wapi, umguse wapi kwanza, masikio yakilazwa nyuma yana maana gani.

Ovari iliyopinduliwa

Katika wanyama wengi wanaofundishwa chuoni, ovari ina tabaka la nje lenye mayai na kiini cha ndani chenye mishipa ya damu, na yai linaweza kutokea karibu popote juu ya uso wake. Ya farasi imepinduliwa. Tabaka lenye mayai liko ndani, mishipa iko nje, na yai lina mlango mmoja tu wa kutokea: kibonyeo kiitwacho fosa.

Maelezo haya hayaingii vizuri kwa mchoro. Yanaingia pale mwanafunzi anapopewa ovari halisi, iwe ya kutoka machinjioni au ya farasi aliyekufa kwa sababu nyingine, akaiweka kwenye trei na kuipasua kuelekea kwenye fosa. Folikuli, yaani kifuko cha maji kinachobeba yai, iliyokuwa inaonekana kwa nje uvimbe tu, inafunguka na kumwaga maji, na mwanafunzi anaona kwamba folikuli kubwa imeanza kuelekea kwenye kile kibonyeo. Pembeni yake kuna kinundu cha manjano, kimezungukwa na nyama pande zote. Swali la kwa nini vidole haviwezi kukipata linajijibu lenyewe pale mezani.

Mirija ya mayai nayo ina utaratibu wake. Yai lisilorutubishwa kwa kawaida halishuki kwenye mji wa mimba. Hubaki mrijani, na huweza kukaa humo kwa miezi. Kiinitete ndicho kinachopita, kwa sababu hutoa prostaglandini E2 inayoulegeza mrija, na hufika kwenye mji wa mimba takriban siku ya 6 baada ya yai kutoka. Wanafunzi husikia haya wakadhani ni mambo ya kufurahisha mtihani tu. Lakini daktari anayetaka kuosha mji wa mimba ili avune kiinitete na kukipandikiza kwa jike mwingine hawezi kufanya hivyo siku ya 5, maana hakijafika. Husubiri siku ya 7 au ya 8.

Mchoro wa homoni unaficha nini

Kila mhadhara wa uzazi una ule mchoro wa mistari minne: estrojeni inapanda, LH, homoni inayochochea yai kutoka, inachomoza, projesteroni inafuata, prostaglandini inafunga mzunguko. Kwa farasi, mzunguko mzima ni siku 21 au 22. Mchoro ni mzuri, ila una makosa mawili asipokuwepo mtu wa kuyasema.

La kwanza ni LH. Kwa ng'ombe homoni hii huruka juu na kushuka ndani ya saa chache. Kwa farasi hupanda polepole kwa siku kadhaa, na kilele chake huja baada ya yai kutoka. Mwanafunzi aliyekariri mruko wa ng'ombe atauliza kwa nini damu ya farasi haimpi jibu la lini yai litatoka. Haimpi kwa sababu hakuna mruko mkali wa kuuwinda.

La pili ni msimu. Mchoro unaonyesha mzunguko unaojirudia mwaka mzima, ilhali farasi huongozwa na urefu wa mchana. Mchana ukiwa mfupi, ovari za majike wengi hulala. Mchana ukirefuka, huamka, lakini haziamki mara moja: kuna wiki kadhaa za mpito ambapo folikuli zinakua na kunywea bila yai kutoka, na jike anaonyesha joto refu lisilo na maana. Karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, msimu huu hufifia na baadhi ya majike huendelea na mzunguko mwaka mzima.

Hapa biashara inaingilia biolojia, na mwalimu hana budi kulieleza. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred katika nusu ya kaskazini ya dunia wote huhesabiwa wamezaliwa Januari 1. Kusini, katika nchi kama Australia na Afrika Kusini, ni Agosti 1. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Mei wanakimbia kwenye kundi moja la umri. Mwenye farasi anataka mtoto azaliwe mapema, na mimba ya farasi ni miezi 11 hivi, kwa hiyo anataka jike apandwe wakati ambapo ovari zake bado zinasinzia. Jibu la kitabibu ni taa: jumla ya saa 16 za mwanga kwa siku, kwa takriban siku 60, zikianza mwanzoni mwa majira ya baridi. Siku hizi kuna hata kofia ya kichwani inayomulika mwanga wa buluu kwenye jicho moja la farasi akiwa malishoni. Kwa maoni yangu, mwanafunzi aelewe wazi kwamba tatizo analolitibu limezalishwa na kalenda ya binadamu. Jike mwenyewe ni mzima.

Kuhusu prostaglandini, ile F2α inayotumika kuvunja kinundu cha manjano na kumrudisha jike kwenye joto, kuna jambo ambalo si la farasi bali la darasa. Dawa hii hupenya kwenye ngozi ya binadamu. Mjamzito haruhusiwi kuishika, wala mwenye pumu. Darasani wamo vijana wa kike ambao huenda hawataki mtu ajue habari zao. Mwalimu anayeuliza mbele ya kundi "nani mjamzito?" amekosea hata kama nia yake ni usalama. Utaratibu wa busara ni kumruhusu yeyote kukaa kando bila kutoa sababu.

Mkono

Sasa tufike kwenye fundo. Farasi amesimama ndani ya fremu ya chuma ya kumdhibiti, mtu mmoja ameshika kamba kichwani. Mkia umefungwa na kuwekwa kando. Mwanafunzi amevaa glavu inayofika begani, amepaka kilainishi kingi, amekusanya vidole pamoja na kuingiza mkono taratibu kwenye njia ya haja kubwa. Ameshatoa mavi. Ghafla utumbo unamkaba mkono: wimbi la misuli linakuja kutoka ndani kuelekea nje. Anachofanya katika sekunde hizo ndicho kipimo chake. Akisukuma dhidi ya wimbi, anaweza kuuchana utumbo. Akiuacha mkono urudi nyuma, wimbi linapita, ukuta unalegea, na kazi inaendelea.

Utumbo wa mwisho wa farasi huchanika kwa urahisi kuliko wa ng'ombe. Michaniko hupangwa kwa madaraja manne. Daraja la 1 ni utando wa ndani tu, na wengi hupona. Daraja la 4 ni tundu kamili: mavi huingia kwenye uwazi wa tumbo, na farasi kwa kawaida hapati tena nafuu. Dalili kwa mpapasaji ni mbili, ukuta kulegea ghafla isivyo kawaida na damu kwenye glavu. Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya kufundisha kupapasa haihusu ovari. Ni hii: ukiona damu, sema papo hapo. Mwanafunzi anayeogopa kupunguziwa alama atafuta glavu na kunyamaza, na saa chache za ukimya zinaweza kumwua mnyama ambaye angetibika. Chuo kinachoadhibu ukweli huo kinafundisha udanganyifu, na hilo haliponi kwa mhadhara wa maadili.

Tuseme utumbo uko salama. Mwalimu anauliza, "Umeipata ovari ya kushoto?" Mwanafunzi anajibu, "Ndiyo, daktari, nimeipata." Huenda ameipata. Huenda ameshika donge la mavi kupitia ukuta wa utumbo, ambalo ukubwa na ugumu wake vinaweza kufanana na ovari kabisa. Hadanganyi, anaamini alichokishika. Na mwalimu aliyesimama kando haoni chochote ila bega na sura ya mtu anayekodolea macho ukuta.

Walimu wazuri wamezunguka tatizo hili kwa maneno. Hawaulizi kama umeipata, wanauliza: ina ukubwa gani? Imeshikamana na nini? Ukiivuta kidogo, nini kinafuata? Ovari imening'inia kwenye utando wake na kuungana na ncha ya pembe ya mji wa mimba. Donge la mavi halijaungana na chochote na likibanwa huachia alama ya kidole. Mwanafunzi hufundishwa kutoruka kutoka kiungo kimoja hadi kingine, bali kufuata njia: ovari, kisha pembe, kisha mwili wa mji, kisha pembe ya pili hadi ovari ya pili, na kurudi mpaka shingo ya kizazi. Aliyepotea anaanza upya.

Kisha kuna msamiati wa ulaini. Folikuli ya farasi hukua karibu milimita 3 kwa siku, na wengi hutoa yai ikiwa na kipenyo cha milimita 35 hadi 45 au zaidi. Saa chache kabla ya hapo nyingi hulainika. Lakini "laini" ya Asha si "laini" ya Petro. Njia rahisi ni kumwambia kila mmoja abonyeze ncha ya pua yake, kisha shavu lake, na kukubaliana kwamba pua ni folikuli ambayo bado na shavu ni ile iliyokaribia. Baada ya hapo darasa zima lina kipimo kimoja, na hakuna anayekisahau nyumbani. Wengine humtaka mwanafunzi achore alichokisikia kabla mwalimu hajaingiza mkono wake mwenyewe. Karatasi haibadilishi kauli.

Ukweli mwingine ni kwamba farasi hawatoshi. Jike mmoja hawezi kupapaswa na mikono kumi isiyozoea asubuhi moja. Utumbo unavimba, mnyama anataabika, hatari inapanda. Vyuo huweka kikomo cha watu kwa jike kwa siku, na siku za kupumzika. Kanuni ya kutumia wanyama katika sayansi iliyowekwa na Russell na Burch mwaka 1959, yaani badilisha, punguza, boresha, imeingia hadi kwenye banda la mafunzo. Ndiyo sababu ya viigizo: farasi wa plastiki wenye viungo vya mpira ndani, na hata mashine za kompyuta zinazousukuma mkono wa mwanafunzi kana kwamba anagusa nyama. Maarufu zaidi ni ya ng'ombe, Haptic Cow, iliyobuniwa nchini Uingereza na daktari wa mifugo Sarah Baillie. Faida yake haiko tu kwenye kuwaokoa wanyama. Kwenye skrini, mwalimu anaona kwa mara ya kwanza mahali vidole vilipo. Ile giza ya muda mrefu inapata dirisha.

Hata hivyo kiigizo hakipigi wimbi la misuli kwa hasira, hakichoki, wala hakigeuki kumtazama mtu. Mwaka 1990 George Miller, aliyekuwa akiandika kuhusu elimu ya udaktari wa binadamu, alipanga umahiri katika ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha, anafanya. Kiigizo kinamfikisha mwanafunzi ngazi ya tatu. Ya nne inapatikana nyuma ya farasi.

Picha ilipokuja

Mwaka 1980 watafiti wawili nchini Ufaransa, Palmer na Driancourt, walichapisha kazi iliyoonyesha matumizi ya ultrasaundi katika uzazi wa farasi. Kipima-picha kinaingizwa kwa mkono kwenye utumbo uleule, na kinachoguswa kinaonekana. Kwa watabibu lilikuwa badiliko kubwa. Kwa walimu lilikuwa kubwa zaidi, maana ujuzi uliokuwa siri ya kiganja cha mtu mmoja ukawa picha ambayo watu sita wanaweza kuibishania.

Picha ilileta pia jambo ambalo hakuna mkono uliowahi kulifahamu. Katika chuo kikuu cha Wisconsin, Oliver Ginther na wenzake walitumia ultrasaundi kufuatilia kiinitete cha farasi na wakaona hakitulii. Hadi takriban siku ya 16, kile kifuko kidogo cha mviringo kinazunguka mji mzima wa mimba, pembe hii hadi pembe ile, mara nyingi kwa siku. Kikizuiwa kuzunguka, mimba haishiki. Ni kwa mzunguko huo kinaujulisha mwili wa mama kwamba yumo mtoto, ili usitoe prostaglandini ya kuvunja kinundu cha manjano. Ujumbe wenyewe ni kemikali gani, sayansi bado haijautambua. Napenda walimu wanaolisema hili waziwazi darasani; mwanafunzi anatoka akijua kwamba kitabu hakijafungwa.

Kutokana na mzunguko huo ndipo linatoka swali ambalo, kwa mtazamo wangu, linampima mwanafunzi kuliko jingine lolote: mapacha.

Kondo la nyuma la farasi husambaa na kugusa karibu uso wote wa mji wa mimba. Mapacha wanagawana uso huo, na kwa kawaida hautoshi. Wengi huishia mimba kuharibika, mara nyingi katika miezi ya mwisho, na jike mwenyewe akahatarishwa na uzazi mgumu. Kwa hiyo majike wapimwe siku ya 14 hadi ya 16. Vikionekana vifuko viwili, daktari huvitenganisha kwa kipima-picha na kukipasua kimoja kwa kukibana. Mikono iliyozoea hufaulu zaidi ya mara 9 katika 10 ikiwa hivyo vifuko bado vinatembea. Baada ya siku ya 16 hugota, na vikigota sehemu moja kazi inakuwa ngumu.

Sasa tazama mwanafunzi anavyoweza kuteleza. Akipima siku ya 11, anaweza kukosa pacha aliyetokana na yai lililotoka siku mbili baadaye. Akipima siku ya 18, amechelewa. Akiona mduara mweusi ambao hautembei, huenda ni kifuko cha maji cha ukutani, kilichokuwapo hata kabla jike hajapandwa, na akikibana ametatua tatizo lisilokuwapo huku pacha halisi akiendelea. Dawa ni kuchora ramani ya vifuko hivyo kabla ya kupandisha. Naye akisema "tusubiri tuone, labda mmoja atajiondoa," hajakosea kabisa, kwa sababu hilo hutokea hasa vikigota pamoja. Lakini lazima ajue mwisho wa subira yake uko wapi.

Mwisho huo uko karibu siku ya 35. Kuanzia siku ya 36 hivi, seli kutoka kwenye utando wa kijusi hujichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba na kujenga vinundu viitwavyo vikombe vya endometria. Vikombe hivyo hutoa homoni iliyogunduliwa katika damu ya majike wenye mimba na Cole na Hart, chuo kikuu cha California, mwaka 1930. Vikishajengwa hudumu hadi siku ya 100 na zaidi, hata kama kijusi kimekufa. Jike aliyepoteza mimba siku ya 50 kwa kawaida hatarudi kwenye mzunguko wa kawaida mpaka vikombe vife, na kufikia hapo msimu umekwisha. Anatomia, homoni, picha, kalenda na pesa za mwenye farasi vyote vinakutana kwenye uamuzi wa dakika moja. Mtihani wa maandishi hauwezi kupima hilo. Mtihani wa ana kwa ana unaweza: mwanafunzi anaonyeshwa picha, anaambiwa ni siku ya 16, na mtahini anajifanya mwenye farasi anayeuliza, "Sasa daktari, tunafanyaje?"

Dume, kwa ufupi

Kufundisha upande wa dume kuna hatari zaidi kwa watu na ugumu mdogo kwa akili. Manii hukusanywa dume akipanda mnyama wa bandia, kwa uke bandia wenye maji yanayouweka ndani kwenye nyuzi joto 44 hadi 48 za Selsiasi. Aina zake maarufu zinaitwa Missouri, Colorado na Hannover, majina yanayoeleza yenyewe ujuzi huu ulikulia wapi. Kila mtu avae kofia ngumu, kila mtu ajue atakimbilia upande gani.

Kinachowaangusha wanafunzi ni hesabu. Tuseme dume ametoa mililita 60 baada ya kuchuja ute mzito, na kila mililita ina mbegu milioni 200. Jumla ni bilioni 12. Zinazoogelea mbele ni asilimia 60, yaani bilioni 7.2. Dozi ya manii yanayopozwa hadi nyuzi 5 na kusafirishwa huwekwa kwenye mbegu bilioni 1 zinazoogelea, kwa hiyo zinapatikana dozi 7. Mwanafunzi aliyesahau kuzidisha kwa ule uwiano ataahidi dozi 12, na majike wote 12 watahimilishwa, yaani kuingiziwa manii kwa chombo, kwa dozi pungufu bila mtu kujua kwa nini hawashiki. Manii yaliyogandishwa yana kosa lake: hayadumu yakishayeyushwa, hivyo jike hukaguliwa kila baada ya saa chache usiku na mchana ili yaingizwe karibu kabisa na wakati wa yai kutoka.

Halafu kuna Thoroughbred, ambao kanuni za usajili wao hazikubali uhimilishaji wa aina yoyote. Lazima dume na jike wakutane. Mwanafunzi anayekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya farasi wa mbio atatumia sehemu ndogo tu ya sura nzima ya manii.

Kung'aa na kukesha

Wanafunzi hupenda teknolojia, na zipo za kupendeza. Mwezi Mei 2003 nyumbu (mtoto wa punda na farasi) aliyenakiliwa alizaliwa katika chuo kikuu cha Idaho, Marekani, akaitwa Idaho Gem. Mwezi huohuo Italia ikapata Prometea, farasi wa kwanza wa kunakiliwa, aliyebebwa na jike yuleyule aliyetoa seli. Urutubishaji wa nje ya mwili kwa kuweka mbegu na yai pamoja uliwashinda watu kwa miongo mingi, ukiacha watoto wachache waliozaliwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpaka watafiti wa chuo kikuu cha Pennsylvania walipotangaza mwaka 2022 njia inayorudika, kwa kuziandaa mbegu karibu siku nzima kabla ya kuzikutanisha na yai. Kabla ya hapo njia ya uhakika ilikuwa kuidunga mbegu moja ndani ya yai.

Haya yanastahili kujulikana. Lakini mhitimu wa kawaida hatanakili farasi, ilhali karibu kila anayeshika kazi ya farasi ataamshwa usiku wa manane na mtu anayesema jike ameanza kuzaa.

Na kuzaa hakuingii kwenye ratiba. Farasi wengi huzaa usiku, na hatua ya kumtoa mtoto huchukua dakika 20 hadi 30 tu. Mwanafunzi akipigiwa simu mabwenini, akifika mambo yamekwisha. Vyuo vinavyolifundisha vizuri huwapanga wanafunzi zamu za kukesha, wapime kalsiamu ya maziwa ya jike jioni hadi jioni ili wajue siku imekaribia, na waandike wanachokiona kila baada ya muda. Usiku mwingi hakuna kinachotokea. Hilo nalo ni somo, kwa sababu bila kuona kawaida mara nyingi huwezi kuitambua isiyo ya kawaida.

Isiyo ya kawaida inayopaswa kukaa kwenye misuli ni hii: badala ya utando mweupe unaong'aa, kwenye mlango wa uzazi unatokea mfuko mwekundu wenye uso wa mahameli. Kondo limebanduka mapema na mtoto anakosa hewa. Hapo hapaulizwi mtu. Mfuko unachanwa mara moja na mtoto anavutwa. Baada ya hapo kuna hesabu ambayo kila darasa la farasi duniani linaijua: mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, kondo litoke ndani ya saa 3. Kondo likibaki zaidi ya hapo ni dharura, maana sumu zake huweza kufika hadi kwenye kwato za mama na kumlemaza. Mtoto naye huzaliwa bila kinga yoyote ya maana kwenye damu. Yote inatoka kwenye dang'a, na utumbo wake hufunga mlango wa kuipokea ndani ya siku moja. Damu yake ipimwe akiwa na saa 18 hadi 24: zaidi ya miligramu 800 za kingamwili kwa desilita ni salama, chini ya 400 anahitaji kuongezewa kwa plazma.

Ningepewa ratiba iliyobana na kuambiwa nikate, ningekata kunakili na sehemu kubwa ya maabara ya urutubishaji, niwaachie wanaoendelea na shahada ya juu. Ningebakiza ovari mezani, mkono nyuma ya farasi kwa mapumziko ya kutosha kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, picha za siku ya 14 hadi ya 16 kwa wingi mpaka mapacha wasimshtue mtu, hesabu ya dozi, na zamu za usiku. Zamu hizo ndizo za kwanza kukatwa kila bajeti inapopungua, kwa kuwa zinahitaji mhadhiri wa kukesha na hazina mashine ya kuonyesha wageni wanaotembelea chuo.